Jina Alilouza Ashraf

Duni Khatib alikuwa karani wa masjala kwa miaka kumi na tisa, na kwa miaka yote hiyo wakubwa zake walimhesabu kama sehemu ya kabati. Waliingia, wakasema "faili", wakanyoosha mkono huku wanatazama simu zao. Akawapa. Hakuwawekea kinyongo. Yeye alikuwa akiwatazama, na alichokiona hakikumfanya atamani kutazamwa nao.

Ofisi yenyewe ilikuwa Chake Chake, nyumba ya ghorofa moja isiyokuwa na kibao. Kwenye karatasi iliitwa Kitengo cha Taarifa. Mitaani iliitwa "kwa wale wa siri", na mtoto yeyote wa skuli angekuonesha mlango. Kazi yake ilikuwa kupeleleza magendo ya karafuu: nani kaficha magunia, yatapakiwa wapi, yatavushwa lini. Maafisa hawakuzileta habari hizo. Maafisa walikunywa kahawa. Zililetwa na wakulima na wavuvi waliokubali kuona na kusema, na kila mmoja alipewa jina la samaki ili lake lisitajwe. Majina ya kweli yalifungiwa kwenye kabati la chuma la Duni. Watu watatu tu waliruhusiwa kuyasoma, tena humo humo chumbani mwake na kwa kutia saini: Himid aliyekuwa mkuu, Ashraf naibu wake, na Anas, afisa wa doria.

Hafidh wa Vitongoji, mkulima, aliitwa Changu. Msimu wa karafuu ulipoanza, watu wanne walimfuata shambani asubuhi kweupe, wakamvunja mkono, kisha wakaikata mikarafuu yake ishirini na saba, ile aliyoachiwa na babu yake. Walipokuwa wakikata walimwita kwa jina.

"Leo Changu utaparwa magamba!"

Vitongoji nzima hakuna aliyelijua jina hilo. Hata Rahma, mkewe, hakulijua. Lilitoka kabatini.

Kesho yake Ashraf aliitisha kikao. Alikuwa mtu wa kanzu iliyonyooshwa kwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na manukato yaliyotangulia mlangoni kabla yake. Alihutubia juu ya uzalendo kwa dakika arubaini. Alisema nchi ni mama. Alisema msaliti ni mtu duni kuliko inzi, na aliposema duni akamtazama karani, akatabasamu, kwa kuwa alipenda mizaha yake mwenyewe.

"Tujiulize tu," alisema. "Funguo anashika nani?"

Himid akatikisa kichwa kwa huzuni. Himid alikuwa mzuri sana kwa kutikisa kichwa. Ndicho kipaji kilichompandisha cheo.

Akaletwa afisa kutoka Unguja, mwanamke kijana aitwaye Shamima. Alimhoji Duni kutwa nzima.

"Bi Duni, funguo umempa nani?"

"Sijampa mtu."

"Basi ni wewe."

"Ingekuwa miye, mwanangu, ningekuwa na viatu vya maana kuliko hivi."

Shamima akavitazama vile viatu. Hakucheka, lakini alipoondoka aliandika nambari yake ya simu kwenye kipande cha karatasi. "Ukikumbuka jambo," alisema, "nipigie mimi. Usimwambie mwengine."

Ijumaa ile Duni alikwenda Vitongoji. Alimkuta Hafidh amekaa barazani, mkono umefungwa plasta, anatazama visiki vyake. Duni alianza kumpa pole, Hafidh akamkata.

"Jina langu uliliandika kwa mkono wako, Bi Duni?"

"Ndiyo."

"Basi usinambie pole. Nambie nani."

Alirudi Chake na neno hilo kifuani. Hakulala vizuri wiki nzima, na haikuwa kwa hofu ya kufukuzwa. Aliona aibu. Aliwachukua watu wenye mikono migumu, akawaambia siri yenu iko salama, na siri ikatoka kupitia mojawapo ya milango mitatu aliyokuwa akiifungulia kila siku. Atajuaje ni upi? Angeweza kumpa kila mkubwa jina tofauti, kisha asubiri lipi litafuatwa. Lakini jina ni mtu. Atamtoa nani apigwe badala ya Hafidh?

Jawabu lilimjia akiwa anakuna nazi. Aliyekwisha kufa hapigwi.

Akaandika karatasi tatu za mtoa habari mpya, Kolekole, aliyedai kuna magunia yamefichwa kwenye kibanda cha nyavu. Maneno yalikuwa yale yale, isipokuwa jina la kweli na kijiji. Ya Himid aliitia jina la ami yake aliyekufa tangu yeye ni msichana. Ya Anas aliitia la jirani aliyezikwa mwaka juzi. Ya Ashraf aliitia jina la Silima Faki wa kisiwani Fundo.

Silima Faki alikuwa mumewe. Alifariki miaka sita nyuma.

Himid aliisoma yake huku anazungumza na simu, akatia saini mahali pa tarehe. Anas aliisoma mara mbili, akauliza kama mtu huyo ana pa kukimbilia. Ashraf aliisoma amesimama, akapuliza pumzi.

"Fundo? Nao wa Fundo siku hizi wana la kusema?"

"Ndivyo alivyoleta, Bwana Ashraf."

Akatia saini kubwa yenye mkia, akatoka bila ya kufunga mlango.

Siku ya nne, baada ya sala ya adhuhuri, simu ya Duni ililia. Alikuwa wifi yake, Mwanakhamis, anapigia kutoka Fundo, na sauti yake ilikuwa ya ajabu.

"Wifi, wamekuja wanaume wawili na boti ya fiba. Wamtafuta Silima."

Mwanakhamis alimsimulia yote. Alikuwa anaanua dagaa juani pale wageni walipofika, wamevaa miwani ya jua, hata salamu hawakutoa.

"Silima Faki yupo?" mmoja aliuliza.

"Mwamtaka wa nini?"

"Tuna mazungumzo naye."

"Haongei sana siku hizi," Mwanakhamis akajibu. "Lakini twendeni."

Akawatangulia, nao wakamfuata wakifungua vifungo vya mashati kuonesha vifua. Aliwapitisha kando ya msikiti mpaka makaburini, akasimama. "Huyu hapa. Zungumzeni."

Mmoja alimgeukia mwenzake kwa hasira. "Si alisema Kolekole ni mzima, yuko hapa hapa?"

Waliporudi ufukweni hawakuikuta injini ya boti. Wavuvi walikuwa wameing'oa na kuikalia. Wakawazuia mabwana wale mpaka polisi walipofika kutoka Wete.

Duni alikata simu, akajifungia masjala, akalia. Mumewe amefuatwa kaburini na wahuni. Kisha kilio kikakauka, ikabaki kitu baridi na kigumu. Ashraf alikuja Fundo kwenye msiba. Alikula pilau ya khitma, sahani mbili. Alisimama mbele ya watu, akasema marehemu alikuwa kipenzi cha wote. Marehemu, marehemu, marehemu. Hakulijua jina lake siku ile, na wala hakujishughulisha kulijua baadaye.

Akampigia Shamima.

Jumatatu walikaa chumbani kwa Himid. Shamima akazipanga karatasi tatu juu ya meza, kila moja na saini yake. Anas alikunja uso. Himid akatikisa kichwa. Ashraf ndiye aliyecheka.

"Mnaniweka kikao kwa makaratasi ya karani? Huyu mtu alikuwepo Fundo, labda kafa juzi. Miye nitajuaje?"

"Kafa miaka sita," alisema Duni. "Ni mume wangu. Ulikula khitma yake."

Manukato ya Ashraf yalikuwepo bado, lakini yeye mwenyewe alishaondoka. Kilichobaki kwenye kiti kilikuwa kanzu. Shamima akaongeza kwamba wale wawili wameshasema nani kawatuma, na nani alimpa jina yule aliyewatuma.

Ikajulikana pia Ashraf aliliuza jina kwa kitu gani. Watu walitarajia mambo makubwa, maana msaliti tunampa heshima asiyostahiki. Tunadhani lazima awe na kina. Ashraf hakuwa na kina cha kumzamisha sisimizi. Tajiri mmoja wa magendo alikuwa akimkalisha mbele kwenye harusi, akimwita Mheshimiwa, akimuahidi kumpigia debe agombee kiti. Basi. Mkono wa Hafidh na mikarafuu ishirini na saba, kwa kuitwa Mheshimiwa mbele ya masufuria ya biriani.

Alipotoka kwa dhamana alimwendea Duni nyumbani baada ya alasiri, kachukua mfuko wa sukari na unga. Sasa alijua kuamkia.

"Shikamoo, Bi Duni."

"Marahaba."

"Nimeghilibiwa, Bi Duni. Ibilisi. Neno lako mahakamani lina uzito. Ukisema tu kwamba huna hakika na ile saini..."

Duni alimwacha amesimama. "Yule wa Vitongoji," akamuuliza, "jina lake nani?"

Ashraf akafikiri. Alifikiri kweli, mpaka jasho likamtoka kipajini.

"Changu," alisema mwishowe.

"Chukua sukari yako, Bwana Ashraf."

Duni alitoa ushahidi siku mbili, kwa sauti ndogo, na wakili hakuweza kumyumbisha. Ashraf akafungwa miaka saba. Himid alihamishiwa ofisi kubwa zaidi, kwani mtikisa kichwa hakosi pa kutikisia. Duni akaandika barua ya kuacha kazi. Anas alimsihi abaki. Akamjibu kwamba hawezi tena kumuomba mtu jina lake.

Kabla ya kukabidhi funguo alikwenda Vitongoji, akamweleza Hafidh kila kitu: ni nani, na kwa bei gani. Hafidh alisikiliza mpaka mwisho. Mkono wake ulikuwa umeunga vibaya, haukunyooka.

"Kuitwa Mheshimiwa?" aliuliza.

"Hilo tu."

Hafidh akatema mate pembeni, kisha akamwita Rahma alete chai.