Kabati Nililokataa Kulitoa Nje

Mwanangu, umenionyesha hilo kabati la Kiingereza kwenye simu yako, jeusi, linang'aa, na mimi nikakurudishia simu bila kulisifu. Usifikiri nimechukia. Nimekumbuka siku moja hapahapa mtaani Bigo, nikiwa na miaka miwili tu ya ndoa.

Baba yako alikuwa ameniletea kabati kama hilo kutoka Kampala. La zamani, la Waingereza, lenye verni nyeusi, ile rangi ya kung'arisha mbao, na ndege wa dhahabu kwenye milango. Eeh, nilivyojiona! Nililipangusa kila asubuhi, na mgeni akilisogelea namwambia arudi nyuma.

Basi jirani yangu, Mama Furaha, akafiwa na mumewe hospitalini Nyankunde. Alikuwa amepanga chumba kimoja tu. Akaja kuniomba salo yetu, yaani sebule, vyombo vitolewe nje, maiti ilazwe pale na wanawake wakae chini kwenye mikeka, vile tunavyofanya siku zote.

"Mama, kabati hii haiwezi kutoka inje," nikamwambia. "Jua itapasua verni."

Akarudi kwake. Mumewe akaliliwa uani, chini ya turubai, na mvua ikanyesha. Bibi yako mzaa baba, aliyekuwa akiishi nasi, alikaa nao kwenye matope mpaka wakazika. Kisha akaingia ndani, nguo zinachuruzika maji.

"Weye uko na ndege ya dhahabu," akasema. "Siku yako ikifika, ile ndege itakulilia?"

Niliona haya mpaka nikakosa pa kuangalia. Lakini kwenda kuomba msamaha, kiburi kikanizuia.

Mwaka haukuisha, bibi yako naye akafariki. Wa kwanza kufika alikuwa Mama Furaha. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akavua kitenge chake cha juu, akawafunika wale ndege wasikwaruzwe, akawaita wenzake, akinionyesha mimi: "Mubebe polepole, iko kitu ya mama yetu."

Nilimwangukia miguuni mbele ya watu wote, nikamwomba msamaha.

Sikukatazi, mwanangu. Nunua! Kitu kizuri ni kizuri, na langu mpaka leo nalipangusa. Ila pima mlango kwanza, si kwa kuliingiza tu, hata kwa kulitoa. Na jirani akija na msiba wake, liwe la kwanza kutoka.

Mungu akupe nyumba yenye vitu vizuri, na akupe watu wa kuvibeba.