Sidiria ya Mama Kwenye Jua

Ni mimi niliyeiondoa khanga ambayo mama hufunikia nguo zake za ndani kambani, na bado nimekasirika. Mama achambue mitumba mnadani asubuhi nzima apate sidiria ya lesi, nzuri na imara, halafu aianike gizani ioze? Jua lote hili la Dodoma ni la nini?

Tatizo, mama huyohuyo ndiye anayewafundisha akina mama wa kanisani kwamba mwanamke wa heshima havai nguo za ndani za mtumba.

Mke wa mchungaji wetu akaingia uani.

"Shikamoo," nikasema.

Alikuwa tayari ameikamata sidiria, akamgeukia mama aliyekuwa akitoka ndani.

"Mama Yona! Kumbe ni wewe! Hii niliificha chini ya rundo pale mnadani, nikaenda kufuata hela!"

Alipoondoka, mama alinikazia macho, akasema, "Ukome! Na Jumamosi uniamshe mapema, nifike mnadani kabla yake."