Watoto wa Mbwa Tuliowangoja

Juzi, kwenye kliniki ya mifugo kule Area D, daktari alimlaza mbwa wangu ubavu juu ya meza, akapitisha vidole tumboni mwake, chuchu moja baada ya nyingine. Alipofika za nyuma akasita. "Mama, uvimbe huu si mmoja," akasema. "Yako mabonge matatu, na hili kubwa limeng'ang'ania nyama. Kabla sijashika kisu nataka picha ya kifua. Kama umeshafika kwenye mapafu, kumpasua ni kumtesa bure." Nikabaki nimeshika kichwa cha mbwa, na wewe rafiki yangu unajua akili ilivyo na utundu: badala ya kukaa pale na daktari, yangu ikakimbilia kwa bibi.

Bibi alikaa mbele kidogo ya Nkuhungu, enzi zile ambazo ukivuka nyumba za mwisho unakuta pori la miiba na mashamba ya uwele tu. Tuliamshwa na kengele za mbuzi. Tuliteka maji kwenye mashimo ya korongo, tukachuma mlenda, na jioni tukala ugali wa uwele kwa mlenda wa karanga huku moshi ukituingia machoni. Mbuzi walilindwa na mbwa jike mmoja mwekundu ambaye bibi alimwita Mtachoka, jina lililoelekezwa kwa jirani mmoja mpenda umbea. Kila bibi alipomwita mbwa kwa sauti, jirani alikohoa, nasi tukaziba midomo tusicheke. Fisi walimwogopa mbwa yule, na kila alipozaa, watu waligombania watoto wake.

Basi kiangazi kimoja chuchu zake zikavimba. Nani angefikiria kitu kingine? "Anashusha maziwa," bibi akatangaza, na habari ikaenea. Kwetu mtoto wa mbwa mzuri hakununuliwa, aliwekewa kishika uchumba kama binti wa watu. Jirani yule yule aliyesutwa kwa jina ndiye aliyetangulia, na kikapu cha karanga. Mchunga ng'ombe akaleta jogoo. Mwalimu wetu akaleta sukari, akasisitiza apewe dume. Sisi tulimkorogea Mtachoka uji, tukagawana watoto ambao hawajazaliwa, tukawapa majina na kupigana kwa ajili yao. Sijawahi tena kungoja kitu kwa raha namna ile.

Tumbo halikukua. Zilizokua ni chuchu tu, zikawa ngumu, moja ikapasuka na kuanza kutoa usaha. Siku bwana mifugo alipokuja kuchanja ng'ombe, bibi alimwita mbwa wake kwa majivuno ili aonekane. Bwana mifugo alibonyeza mara moja tu. "Bibi, hapa hakuna maziwa wala mimba. Huu ni uvimbe. Ungeniita uvimbe ukiwa kama punje ya hindi ningeukata. Sasa umeshamtawala."

"Na ukikata hivyo hivyo?" bibi akauliza.

"Atakufa na kidonda, bibi yangu."

Bibi akasema lile neno lake la misiba yote, kwamba sikio la kufa halisikii dawa, akaingia ndani.

Kesho yake alitutuma turudishe vishika uchumba, nyumba kwa nyumba. Karanga zilikuwa zimeshaliwa nusu, tukajazia za kwetu. Jogoo alirudi kwao akipiga kelele kwapani mwangu. Jirani alipokea kikapu bila hata kuchungulia ndani. "Mwambieni bibi yenu pole sana kwa Mtachoka," alisema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina lile kwa kinywa chake. Nililia njia nzima. Nilimlilia mbwa, ndiyo, lakini zaidi niliwalilia wale watoto ambao hawakuwahi kuwapo. Mtachoka aliendelea kulala mlangoni mwa zizi mpaka mvua za kwanza, na asubuhi moja hatukumwona. Bibi alisema amejiendea, wala hakuna aliyetumwa kumtafuta.

Tembe la bibi, ile nyumba yake ya paa la udongo, halipo. Pale sasa pana viwanja vilivyopimwa, kuta na mageti, na ukiulizia korongo utaonyeshwa mtaro. Hayo nimeyazoea. Nisilolizoea ni hili la kujua mapema. Jana daktari aliinua picha ya kifua kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha madoa meupe, mengi.

"Naweza kukata, mama, na kidonda kitapona. Lakini kifua siwezi kukikata."

"Angekuwa wako ungefanyaje?"

Akaangalia sakafu. "Ningerudi naye nyumbani. Nitakupa dawa ya maumivu. Akianza kukataa chakula unipigie, nije nimpumzishe."

"Basi tumwache," nikasema.

Bibi hakuombwa achague siku ya mbwa wake kufa. Alidanganywa na chuchu, akafurahi majuma kadhaa pamoja na kijiji kizima, kisha mbwa akajiendea. Furaha ile ya kutojua imekwenda na watu wake, na siioni ikirudi. Mimi sikupewa hata siku moja ya kungoja kitu kizuri.

Jioni, nyumbani Ipagala, nilimwekea ugali na dagaa. Nikasimama pembeni namwangalia. Alikula chote, akalamba bakuli, akanitazama kama kuna kingine. Nikamwongezea.