Tulipowavalisha Watoto Kitambaa Kimoja

Kama umekuja kunicheka, nenda kwanza ukachekee kwa jirani. Haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu na tumbo limejaa pilau. Sikusimuliwa na mtu.

Ilikuwa Idi Pili. Mume wangu, Baba Salum, anauza vitambaa sokoni pale Singida mjini, na sisi watu wa maduka ya vitambaa tuna tabia yetu: Idi ikifika, jora moja linafunguliwa, linavalisha nyumba nzima. Mwaka ule lilikuwa la kijani lenye maua ya njano. Salum akashonewa shati, Rehema na Zuhura magauni. Zuhura ndiye kitindamimba wangu, alikuwa na miaka minne, na mdomo wake, wallahi, haujui kufungwa. Anauliza mpaka kuku wanamkimbia.

Tukakodi boti la mbao, twende kwenye kile kisiwa kidogo cha mawe Ziwa Singidani. Watoto walikuwa wameniganda na hilo tangu Ramadhani. Kisiwa chenyewe unakizunguka chai haijapoa: mawe, vichaka na ndege, basi. Lakini wanangu walijiona wamefika Ulaya! Mara wanapiga mpira, mara wanajificha nyuma ya mawe. Zuhura anakuja kulishwa tonge, anakimbia, anarudi tena kinywa wazi. Baba Salum kalala, kofia usoni. Niliwatazama nikasema, ewe Mola, usiniondolee hawa.

Sasa, bibi yangu wa Issuna alitufundisha jambo moja tangu tukiwa wadogo. Ukitoka porini au majini na watoto, muite kila mmoja kwa jina lake, aitike, ndipo muondoke. Nalijua vizuri sana. Lakini jua lilikuwa linazama, mwenye boti anapiga miluzi, mimi nina masufuria mikononi. Nikapaza sauti: "Haya, wa kijani wote, kwenye boti!"

Nani alinituma?

Wa kijani wakaja. Nikaona shati moja, magauni mawili, nikaridhika. Mdogo akapanda mapajani kwangu, akaficha uso kifuani. Rehema aliyekuwa amemshika mkono akasema, "Mama, Zuhura ana baridi." Nikamwambia atulie, ni upepo wa ziwa.

Kilichonishtua ni ule ukimya. Zuhura akae kwenye boti asiulize kitu? Nikamwinua uso nimbusu. Zuhura wangu ana kovu juu ya jicho, aliangukia cherehani dukani. Huyu hakuwa na kovu. Akanitazama kwa upole, akatabasamu kama mtu anayenijua.

Niamini, sikupiga kelele. Ungepiga wewe, na wanao wawili wako humohumo kwenye boti, katikati ya maji? Nilisema tu, "Turudi, nimesahau kitu." Baba Salum akaguna, "Masufuria yenu haya!" Mwanangu yuko kule peke yake na giza linaingia.

Kumbe hakuwa peke yake. Nilishuka nimembeba yule mtoto, nikazunguka jiwe kubwa, nikamkuta mwanamke wa rika langu amemshika Zuhura mkono. Na Zuhura anaongea, anaongea! Yule mama gauni lilikuwa limelowa mpaka kiunoni, macho mekundu kwa kulia. Tukatazamana. Alikuwa amemchukua wa kwangu kama mimi nilivyomchukua wa kwake.

"Kumbe na wewe umefuata nguo," akaniambia taratibu. "Siku nyingine waite kwa majina, dada."

Yule mdogo aliniachia shingo kwa shida. Nikambusu kabla sijampa mama yake. Ningeachaje? Alikuwa baridi kama maji ya mtungi, lakini mtoto ni mtoto.

Nikambeba wangu mbio mbio. Mwenye boti akanishangaa: "Mama, umeshuka na mtoto, umezunguka jiwe, umerudi naye. Ulisahau nini?" Nikageuka nyuma. Palikuwa na mawe tu.

Nyumbani nikamwangalia kwenye taa. Kovu lipo, upande wa kushoto. Baba Salum akasema, "Si lilikuwa kulia?" Tukafungua picha za kwenye simu: nyingine kulia, nyingine kushoto. Simu zenyewe hizi zinageuza sura, utaamini ipi? Mpaka leo tunabishana. Anaongea vilevile, anacheka vilevile. Ila magharibi ikiingia mikono yake inapoa, na mimi naishika mpaka ipate joto.

Nawe mwenzangu, sikukuu ukiwapeleka wako majini, waite mmoja mmoja, waitike, uwatazame usoni. Usifanye haraka kama mimi, hata mwenye boti apige miluzi mpaka midomo ikauke.

Usiku nikimfunika shuka, nafsi huniuliza kama pale jiweni tulibadilishana sawasawa. Naiambia inyamaze. Na yule mama akija siku moja kupiga hodi, nitamkaribisha, tutalia wote, nitampikia na chai. Lakini huyu simrudishi.