Baba alimshukuru rafiki yangu, si mimi

Admin, nifichie jina, maana hapa Butembo tunajuana sana.

Nina miaka ishirini na mitatu, ninaishi Bulengera. Ninasomea orthophonie, kazi ya kusaidia watu kupata tena usemi. Niliichagua kwa sababu ya baba. Kiharusi kilimnyang'anya maneno, yeye aliyenadi maharage sokoni akasikika mpaka barabarani. Niliapa kwamba neno lake la kwanza atanipa mimi.

Kila jioni nilimwekea picha za chuoni mbele yake. Nikimwonyesha kikombe, namwambia: "Papa, sema: la tasse." Anageuza uso. Mama ananigombeza: "Acha mutu apumuke! Papa yako aliuzishaka maharage na Kifaransa?" Sikumsikiliza. Darasani mimi ndiye wa kwanza.

Kisha rafiki yangu Kavira, tunayesoma naye, mtoto wa Beni, akaanza kuja kila Jumapili baada ya misa. Hakuleta picha hata moja. Alikaa na baba wakachambua maharage, akimchokoza kwa Kinande, lugha yetu ya nyumbani, na Kiswahili, kikombe mkononi: "Papa, kama hapana kunisemesha, hii chai naenda nayo Beni!" Halafu anangoja tu, anatabasamu. Siku moja baba alicheka, akapokea kikombe, midomo ikahangaika, neno likatoka: "Wasingya." Asante.

Mama alilia, akamkumbatia Kavira: "Mutoto yangu!" Nami nimesimama pale na picha zangu. Mimi ninayemwogesha. Mimi ninayemlisha. Kwa wivu nikageuka, nikarudi nazo chumbani.

Nikamdanganya Kavira kwamba daktari amekataza wageni. "Sawa, ma chère, unisalimie Papa." Aliniamini kabisa, na hilo ndilo linaloniunguza.

Jumapili iliyopita baba alivuta kiti cha pili karibu yake kwa mkono ule mzima, akakaa akitazama mlango. Nilikikalia mimi. Niliacha picha chumbani, nikashika chai, nikangoja kama anavyongoja Kavira. Baba alinitazama sana. Midomo ikaanza kuhangaika. Akasema: "Kavira?"

Ni mara ya kwanza baba kuniuliza kitu tangu augue. Kavira akirudi, baba atasema, ila atasema naye. Asiporudi, sijui.

Ndugu zangu, nishaurini. Nimwite? Na nimwite kwa mdomo gani?