Fundo la Kichwa

Naikumbuka siku ile, mwanangu, kwa harufu ya nta. Nta ya nyuki ikipata joto la kiganja hunukia kama mzinga uliofunguliwa sasa hivi, na kila ninapoisikia harufu hiyo, hata sokoni, moyo wangu hurudi Bangwe na kuinama.

Nilikuwa kijana nisiyetulia. Shule niliiacha darasa la nne, kwetu milimani upande wa Kasulu, kwa kuwa nilitaka kuona reli inaishia wapi. Waliniambia inaishia Kigoma, ziwani. Nikashuka, nikakishika kile chuma cha mwisho kwa mkono wangu, kisha nikawa sina la kufanya. Hivyo ndivyo nilivyofika kwa Mzee Wilonja, pale Bangwe, kando ya ziwa.

Wazazi wake walivuka ziwa kutoka upande wa Kongo. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, na wavuvi wa pale walikuwa na kikundi chao chenye mitumbwi ya pamoja. Mzee hakuingia majini tena. Kazi yake ilikuwa kufunga ndoano za manyoya za kuvulia migebuka kwa mshipi, na kwa kazi hiyo alipewa fungu lake la samaki sawa na wavuta mshipi. Pengine hujaziona, mwanangu, basi nikueleze. Ndoano hizo hazitiwi chambo. Unafunga unyoya mweupe wa shingo ya jogoo, mshipi unazama mbali, ukiuvuta kwa kushtukiza unyoya unafumba na kufumbua, na mgebuka anadhani ni dagaa anayekimbia.

Mzee alikuwa na kijiti kilichopasuliwa ncha. Hubana ndoano humo, hukaza kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, halafu kijiti hukishika kwa vidole vya miguu ili mikono ibaki huru. Uzi huupitisha kwenye nta usiteleze. Mwili wa ndoano huuzungushia karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, ifanane na tumbo la dagaa. Kisha huweka unyoya, upande wake wa ndani ukitazama chuma. Hapo ndipo wengi hukosea. Wakiugeuza, hulala kama kuku aliyelowa. Mwisho kabisa ni fundo la kichwa, linalokaza uzi wote pale juu ndoano inapoungwa na mshipi. Fundo hilo likiwa bovu, samaki wa kwanza anaondoka na kazi yote.

Jogoo hakuchinjwa. Aling'olewa manyoya machache machache, mengine yakaachwa yakue. Felista, binti wa mzee, alimwita jogoo yule Mwanachama. "Na yeye anachangia kikundi," alikuwa akisema, "tena yeye hachelewi mkutanoni."

Sasa macho ya mzee yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Alifunga kwa kupapasa. Kwenye ukingo wa kofia yake alichomeka ndoano moja aliyoifunga zamani, macho yake yakiwa mazima, na hiyo ndiyo iliyokuwa kipimo chake. Kila alipomaliza mpya, huigusisha ile ya zamani mdomoni, kisha mpya, kisha ya zamani tena. Mdomo wake ulimwambia unyoya umezidi au umepungua, uzi umenenepa au umekonda.

Mimi nilimchotea maji, nikamkamatia Mwanachama, nikala kwake. Kuuliza si ujinga, wahenga walishasema, lakini mimi niliona kuuliza kunachelewesha. Nilizoea kufungua vitu. Nilishafungua kengele ya baiskeli, nilishafungua kufuli la mtu. Basi siku mzee alipokwenda msibani Gungu, kofia akaiacha ukutani, niliitoa ile ndoano ya zamani. Nilitaka kuona ndani mna nini.

Nilianzia kichwani. Wembe ukagusa uzi mara moja tu, na fundo likaachia kabla sijaona limepita wapi. Nikaendelea kufumua. Ndani mlikuwa na uzi, karatasi, na shina la unyoya. Basi. Nikajaribu kuirudisha kama ilivyokuwa, na giza likanikuta na chuma kitupu mkononi.

Asubuhi mzee alivaa kofia, akapeleka mkono ukingoni.

"Felista, umeisogeza?"

"Mimi nina samaki wa kuanika, baba. Muulize huyo mtu wako wa mlimani. Tangu jana usiku hata ugali hakuumaliza."

Nikamwekea ndoano kiganjani. Aliipitisha mdomoni. Nilingoja matusi, hayakuja.

"Ulitaka kujua?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nilikuwa wapi?"



Madhara yalionekana upesi. Ndoano zake zikaanza kutofautiana, moja nene, nyingine fupi. Kiongozi wa kikundi alikuja, akavua viatu kwa heshima, akaamkia shikamoo, kisha akasema vijana wamerudi na mitumbwi mitupu, na kama ndoano hazitengemai kikundi kitanunua nyavu. Mzee aliitikia tu. Sote tulielewa kwamba nyavu zikija, fungu lake linakwenda.

Alipoondoka yule bwana, mzee akanivuta bega. "Kipimo ulikila wewe. Sasa kipimo ni wewe. Kaa hapa, mimi niwe vidole, wewe uwe macho."

Nikakaa. Mwanangu, zile zilikuwa siku njema kuliko nyingi nilizoishi, na wakati ule sikuzijua. Nilimwambia punguza, alipunguza. Alinishika vidole akaviongoza. Felista alipita na ungo wake akisema, "Naona baba amepata miwani inayokula." Ndoano zikalingana tena. Migebuka ikaja. Nilijifunza nta, karatasi, unyoya. Lakini kila tulipofika kichwani alinyoosha mkono. "Hapo niachie. Fundo la kichwa ni la mwisho. Nitakuonyesha ukishatulia."

Kisha meli ikafunga gati, nikasikia inakwenda kusini hadi mwisho wa ziwa. Kichwani mwangu likaingia lile lile la reli. Nilimuaga mzee nikiwa nimesimama.

"Fundo bado," alisema.

"Nitarudi, mzee."

Mtembezi hula miguu yake. Nilikula yangu miaka mingi, kwenye bandari, kwenye mashamba ya watu, kwenye migodi. Niliporudi Bangwe nilimkuta Felista peke yake, nywele zimeanza mvi. Nyavu zilikuja muda mfupi baada ya mimi kuondoka, akaniambia. Mzee alizikwa hapo juu.

Alinitolea kopo. Ndani mlijaa ndoano, nta imekauka juu yake, na zote hazikuwa na vichwa. Uzi ulikuwa umeachwa ukining'inia.

"Alifunga hata baada ya kikundi kumwacha. Nikamwambia, baba, malizia basi. Akasema, huyo kijana akija aone linavyopita."

"Wewe hukuliona, dada?"

"Nililiona kila siku. Sikuwahi kulitazama. Nilidhani wewe umelichukua."

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyu wangu amekua, tunakaa naye nyumba moja. Nimejaribu mafundo yote ninayoyajua. Yanashika siku mbili tatu, kisha unyoya unachomoka.

Basi shika haya. Ukitaka kujua jambo na mwenye kulijua yupo, weka wembe chini, muulize. Akikuambia ngoja, ngoja, hata kama meli inapiga honi, kwa maana meli itarudi na yeye hatarudi. Na usijivunie kujua mianzo ya kazi nyingi. Mimi ninayo mianzo ya kutosha kujaza kopo.

Mungu akupe vidole vyenye subira, mwanangu. Akukutanishe na wakubwa wako wakiwa hai, akukalishe karibu yao hadi uzi wa mwisho, na utakachokifunga wewe kisifumuke mikononi mwa watoto wako. Amina.