Nilipimwa uzito kwenye mzani wa chakula cha kuku hapa Kibaha, na aliyenipima yupo

Nilianguka ndani ya banda la kuku saa nne asubuhi, ndoo ya chakula ikiwa mkononi.

Sikuzimia moja kwa moja, na hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa nasikia kila kitu. Kuku walikuja wakaanza kudonoa chakula kilichomwagika, kwanza pembeni yangu, halafu kifuani, halafu kwenye kiganja. Nilitaka kuwafukuza, mkono haukunyanyuka.

Uso upo kwenye maranda na kinyesi, na wazo lililokuwa kichwani, wallahi, halikuwa kwamba nakufa. Nilikuwa nawaza kwamba kesho ni Jumamosi, siku ya kupimwa, na kwa jinsi nilivyokaa bila kula labda kesho nitafika.

Wakuu, nawasalimu nyote, walionizidi umri shikamooni. Mimi nimeishia darasa la saba Mzenga, huko Kisarawe, kwa hiyo mtanivumilia maandishi. Lakini humu hakuna mstari nilioongeza chumvi. Majina nayataja. Mods wa jukwaa hili wakifuta nitaandika tena.

Kitu kimoja kabla sijaendelea. Sitaandika kilo zangu, wala sitaeleza nilikuwa nafanya nini ili nipungue. Najua kuna mtu anasoma hapa akitafuta hicho tu. Nakujua kwa sababu nilikuwa wewe.

Turudi nyuma.

Kwetu msichana akivunja ungo alikuwa anawekwa ndani. Mwali hatoki, hashiki kazi, analishwa tu. Siku ya kutolewa watu wanamkagua kama amenawiri. Akitoka mwembamba aibu ni ya aliyemtunza.

Mimi nilitunzwa na shangazi yangu, Mwanahamisi, dada yake baba. Alikuwa anakaa mlangoni, bakuli kaniwekea mapajani, siinuki hadi liishe. Nikisema nimeshiba ananibana mashavu. Nikitapika analeta lingine, anasema hilo la kwanza halihesabiki.

Sisemi mila ni mbaya. Wenzangu walipita salama na leo wanasimulia wanacheka. Mimi nilitoka na hofu ya bakuli. Na siku nilipotolewa nilishangiliwa, nikajua mwili wangu ni kitu cha kuangaliwa na watu.

Kisha nikaolewa na Rajabu, tukahamia Kibaha, Kongowe. Hii Kongowe ya Kibaha jamani, si ile ya Dar.

Rajabu mbele ya rafiki zake alisema, "Nilichagua mwali, nimeletewa gunia." Wakacheka, nikacheka nao, nikawaletea maji ya kunawa.

Kuanzia hapo ndipo nilipoharibika. Kula kwa kujificha jikoni nimesimama, halafu siku nzima au mbili sigusi kitu, halafu tena jikoni. Na mengine nisiyoyasema. Sikujua kama ni ugonjwa, wala sikujua kuna jina lake. Nilijua tu kwamba nina tabia chafu. Ilikwenda hivyo zaidi ya miaka kumi na tano, nazaa humo humo, nalea humo humo.

Rajabu alioa mwingine akaenda zake. Nyumba ilipotulia na mimi nikatulia. Pole pole nikawa nakula kama watu. Hakuna aliyenitibu, nilichoka tu.

Sasa umri ukaja, mwili ukaja, presha ikaja, magoti yakaanza kulia. Daktari akaniandikia dawa na kikaratasi chenye namba ya kilo. Akasema nikishuka hadi hapo nitapumua. Hakukosea. Ila hakuniuliza mimi na chakula tumewahi kuishi vipi, na mimi sikusema. Ningeanzia wapi? Mwanamke mzima nina wajukuu, nimwambie kijana wa watu kwamba naogopa bakuli?

Nikakaa na kikaratasi changu. Ndipo akaingia Mama Doreen.

Mama Doreen ana duka la chakula cha kuku, pale pale Kongowe. Sisi wafuga kuku wa mayai wote tunanunua kwake. Ni mchangamfu, akikuona anakuita kwa jina la mtoto wako na anauliza kuku wako wanaendeleaje kama anauliza wagonjwa. Siku moja akaanzisha challenge ya kupungua, grupu la wasap, wanawake kumi na mmoja. Kila Jumamosi mnakutana dukani, mnapanda mzani mmoja mmoja, yeye anaandika kwenye daftari na kutangaza kwenye grupu. Aliyepungua zaidi anawekwa picha, ya zamani na ya sasa.

Mzani wenyewe ni ule wa chini, wa kupimia magunia. Tulikuwa tunacheka sana. Unasubiri gunia la pumba lishushwe, unapanda wewe. Wabeba mizigo wanasema, "Mama Asha, wewe ni pumba au mashudu?" Na mimi nacheka, kama nilivyocheka kwa Rajabu.

Jumamosi ya kwanza mzani ukasoma zaidi ya ule wa hospitali, kilo kadhaa juu. Na hospitali nilikuwa nimekwenda wiki hiyo hiyo. Nikashangaa, nikasema hospitali haukusoma hivyo. Mama Doreen akasema kwa sauti, wote wanasikia, "Mama Asha, tangu utoke kwa daktari umeongezeka? Umesherehekea nini?"

Wakuu, mtu mzima wa kawaida angeuliza mzani. Mimi nilijiuliza mimi. Nilirudi nyumbani na ile tabia ya zamani ilikuwa imeshafika kabla yangu, imekaa jikoni inanisubiri.

Jirani yangu Zuhura naye alikuwa kwenye grupu. Kila jioni tunatumiana ujumbe nani kala nini. Tukasifiwa. Nikawekwa picha mara mbili. Watu wakaandika "mashallah", "hongera", wakaweka makofi. Hakuna aliyeuliza mbona meno yanauma, mbona nywele zinabaki kwenye kitana.

Na ile namba ya daktari sikuifikia. Nashuka, nashuka, halafu nakwama juu yake, wiki kwa wiki. Mama Doreen anasema, "Kidogo tu, Mama Asha. Hujakaza."

Hapa niweke jambo moja pembeni, maana baadaye ndilo lililoniliza. Kipindi hicho kuku wangu walishuka mayai. Nilimwita jamaa anayetibu kuku mtaani kwetu, akawashika mmoja mmoja, akapapasa vifua, akaniambia, "Mama, hawa hawaumwi. Hawashibi." Nikamwonyesha viroba, kilo kadhaa kwa siku kama alivyonielekeza mwenyewe. Akakuna kichwa akaondoka. Jibu nilikuwa nimelibeba mgongoni kutoka dukani na sikuliona.

Basi nikaanguka bandani. Zuhura ndiye aliyenikuta. Alinivuta hadi kibarazani, akaninywesha uji wa sukari kwa kijiko, huku analia na kuniomba nisiwaambie wa kwenye grupu. Akampigia kaka yangu Seif. Seif akaja siku hiyo hiyo, akanichukua hadi kwake Mzenga, na asubuhi yake akanipeleka kituo cha afya.

Nesi aliyenipokea nitamwita Pendo, si jina lake. Akanipandisha mzani. Nikaona namba. Nikamwambia, "Dada, mzani wenu mbovu."

Akaniuliza kwa nini. Nikamtolea kikaratasi cha daktari, nimekikunja ndani ya pochi hadi kimechakaa. Nikasema mimi bado sijafika hapo.

Akakisoma. Akaniangalia. "Mama, hapa umeshapita. Umepita zamani. Nani amekwambia bado?"

"Mzani."

"Upi?"

"Wa chakula cha kuku."

Hakucheka. Alipanda yeye kwenye mzani wake, akamwita na mwenzake akapanda, kila mmoja anajua kilo zake, mzani ni mzima. Kisha akafunga mlango, akakaa, akaniuliza lile swali ambalo nililisubiri tangu nikiwa mwali. "Mama, wewe na chakula mmekuwaje maishani?"

Nilimweleza yote. Hakuandika, alisikiliza tu. Tulikaa hadi watu wa nje wakaanza kugonga.

Nilishafika, wakuu. Nilifika kitambo, nikapita, nikaendelea kukimbia kwa sababu hakuna aliyeniambia simama.

Tiba yenyewe mtaona ya ajabu. Kwa miezi mingi sikuruhusiwa kupungua hata kidogo. Nesi na daktari wao walisema kwanza nile. Mara tatu, kwa saa, na nisile peke yangu. Nilikula ugali na mchicha na samaki na familia ya Seif, wifi yangu ananipakulia, na mimi nalikwepa bakuli kama mtoto. Wifi aliona. Siku ya pili akahamisha bakuli zote, akaanza kutupakulia kwenye sahani bapa. Mungu ampe.

Mwili ulirudi, nikaongezeka, nikalia. Baada ya mwaka ndipo tukaanza kupunguza tena, safari hii kwa ajili ya presha na magoti, si ya picha. Natembea kila asubuhi. Mboga nyingi, ugali kiasi, soda nimeacha, dawa nameza. Nashuka polepole sana, mwezi mwingine sishuki kabisa. Kila mwezi narudi Mzenga, nesi ananipima nikiwa nimeupa mgongo mzani. Anaandika yeye, mimi ananiambia tu, "Tunaenda vizuri," au, "Mama, umeruka mlo?" Na kweli anakuwa ameshajua.

Presha imeshuka. Msidhani nimepona lakini. Bado kwenye shughuli nikiletewa pilau nahesabu kabla sijaonja. Bado nikipita dukani kwenye mzani miguu inataka kupanda. Nina umri huu na nadhani nitakufa nikihesabu.

Sasa Mama Doreen.

Niliporudi Kongowe nilinunua mfuko mmoja wa sementi, kilo hamsini, haujafunguliwa. Mimi na Zuhura tukausukuma kwa toroli hadi dukani, nikamwomba mbeba mizigo auweke kwenye mzani. Mzani ukasoma hamsini na sita.

Wateja walikuwepo. Mama Doreen alitoka ndani akaniangalia mimi, si mzani. "Mama Asha, huo ni mzani wa biashara. Nani kakwambia mzani wa biashara unapimia watu?"

Nikasema, "Wewe." Nikamweleza na ya nesi, na ya miaka yangu na chakula.

Akavuta pumzi. "Na kama ulijua una matatizo yako na chakula, kwenye challenge ulifuata nini? Wenzako mbona wazima?"

Hapo alinipata, sitadanganya. Nilipaswa kusema tangu kwa daktari wa kwanza. Nimeibeba hiyo sehemu yangu. Lakini yangu ikitolewa, yake inabaki palepale.

Maana fikiria. Mzani unaozidisha ndio unaopunja wateja, unalipia kilo zisizokuwemo kwenye kiroba. Akiurekebisha Jumamosi kwa ajili ya wanawake kumi na mmoja, Jumatatu wafugaji wote wataona kiroba kimekuwa kizito na watauliza. Basi akatuacha tupande hivyo hivyo. Kuku wangu na mimi tuliteswa na njaa moja, kutoka kwenye mzani mmoja.

Nilitolewa kwenye grupu jioni ile ile. Nikaripoti kwa wanaohusika na mizani, wakachukua maelezo, nasubiri hadi leo. Challenge imeanza upya, wanapimwa palepale.

Na Zuhura bado yumo. Zuhura aliyesukuma toroli na mimi, aliyeona hamsini na sita kwa macho yake. Nilipomuuliza aliniambia, "Nimezoea, Mama Asha. Nisipopimwa najiona sipo." Mikono yake imekuwa myembamba, bangili anazivaa juu ya kiwiko. Kila asubuhi nampelekea uji nakaa hadi aumalize, halafu nakumbuka shangazi na bakuli lake, nanyanyuka naondoka kabla. Sijui nifanyeje. Mwenye ushauri aandike hapa, kuhusu Zuhura, si kuhusu mimi.

Nilichojifunza ni kidogo. Kama umewahi kuishi vibaya na chakula, usianze kupungua kabla hujamwambia mtu wa afya, hata kama unaona aibu itakuua, maana yenyewe haitakuua. Na usikubali kupimwa na mtu asiyekuuliza umekula nini leo.

Shangazi Mwanahamisi amekufa, nimemsamehe nusu. Rajabu yuko Vihingo na mke wake, hata neno lenyewe la gunia sidhani kama analikumbuka.

Amebaki mmoja. Mama Doreen, najua unasoma humu, wewe ndiye uliyenifundisha kuingia.

Jumamosi zote zile ulikuwa unakaa kwenye kile kigoda na daftari. Tukikwambia upande na wewe, ulikuwa unasema mwandishi hapimwi, tunacheka. Lakini ulipungua, na kilo zako ulizitangaza na picha yako uliiweka.

Sitaki uniombe msamaha. Nijibu hapa, mbele ya watu hawa, kama ulivyokuwa ukinitangaza mbele ya watu: wewe ulikuwa unajipimia wapi?